Skuli Ikifungwa, Nyumbani Tuendelee Kusoma

Mwaka wa masomo katika Zanzibar huanza mwezi wa Januari. Katikati ya mwaka skuli hufungwa ili watoto wapumzike. Wakati huo huwa ni kipupwe. Mvua za masika zimekwisha. Upepo wa kusi unavuma na asubuhi kuna baridi kidogo. Huko mashambani, watu wa Pemba wanaanza kuangalia juu ya mikarafuu yao.

Watoto hufurahi skuli zikifungwa. Ni haki yao. Kila anayefanya kazi lazima apumzike. Lakini wazazi wengi wameliona jambo moja. Mtoto wa darasa la tatu anafunga skuli akiweza kusoma ukurasa mzima. Skuli zikifunguliwa, anasoma kwa kubabaika. Maneno marefu yanamshinda. Mwalimu analazimika kurudi nyuma.

Je, mzazi anaweza kufanya nini? Na mzazi ambaye mwenyewe amejifunza kusoma juzi tu, anaweza kusaidia? Makala hii inazungumzia jambo hilo. Inaeleza jinsi nyumba ya kawaida ya Chake Chake inavyoweza kusoma na kuandika wakati wa likizo, bila ya kutumia fedha nyingi.

KISOMO KISICHOTUMIKA HUPOTEA

Jembe lisilolimiwa huota kutu. Kusoma nako ni hivyo hivyo.

Tutazame yaliyotokea Tanzania Bara. Mwaka 1967 watu wazima kiasi cha 7 katika kila 10 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwalimu Julius Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, majumbani na viwandani. Ilipofika mwaka 1986, wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha mtu 1 tu katika kila 10. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na dunia nzima iliisifu.

Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha jambo la kusikitisha. Wasiojua kusoma walikuwa wamefika tena kiasi cha watu 3 katika kila 10. Sababu zilikuwa nyingi. Madarasa mengi yalikufa. Watoto wengine hawakwenda skuli. Sababu nyingine ni kwamba watu wengi walijifunza, kisha hawakuwa na kitu cha kusoma wala sababu ya kuandika. Mwaka baada ya mwaka, herufi zikawatoka.

Kwa hiyo likizo ni mtihani wa watu wote wa nyumbani. Mtoto anaweza kusahau kwa mwezi mmoja. Mtu mzima naye anaweza kusahau.

MZAZI NI MWALIMU TANGU ZAMANI

Watu wengine husema: "Kusomesha ni kazi ya skuli. Mimi si mwalimu." Maneno hayo si sahihi. Katika pwani yetu, nyumba ilisomesha kabla ya skuli za serikali kujengwa.

Mfano mkubwa ni Mwana Kupona binti Msham. Yeye alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, nchini Kenya. Kiasi cha mwaka 1858 alikuwa mgonjwa. Alikuwa na binti yake, Mwana Hashima. Mama huyo alitaka kumwachia mtoto wake mawaidha. Akamwita, akamwambia aje na wino na karatasi, akae karibu yake. Akamtungia utenzi wa beti kiasi cha 100. Mama hakuishi muda mrefu baada ya hapo, lakini maneno yake yalibaki kwa sababu yaliandikwa. Mwaka 1934 utenzi huo ulichapishwa kitabuni. Mpaka leo unasomwa.

Hapa Pemba pia tuna wazee wengi waliojua herufi za Kiarabu kabla ya herufi hizi tunazotumia katika gazeti hili. Walizipata chuoni, walipokuwa wakisoma Kurani. Kwa herufi hizo waliandika barua, hesabu na mashairi ya Kiswahili. Washairi Kamange na Sarahani walikuwa watu wa Pemba. Habari zao na mashairi yao yalikusanywa na kutolewa katika kitabu mwaka 2011.

Tarehe 23 Septemba 1964, baada ya Mapinduzi, Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Watoto wa maskini wakaingia skuli pamoja na wa matajiri. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Lakini baadhi yetu tukadhani kwamba sasa mzazi amemaliza kazi.

Mwaka 2020 ulitukumbusha. Mwezi wa Machi mwaka huo skuli zote zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Watoto walikaa nyumbani mpaka mwezi wa Juni. Wazazi wengi waliona kwa macho yao mtoto wao anajua nini na hajui nini. Nyumba zilizokuwa na desturi ya kusoma hazikupata taabu sana. Nyumba zisizokuwa na desturi hiyo zilipata taabu.

NYUMBA MOJA YA MFANO

Sasa tuchukue mfano wa nyumba moja nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Nyumba hii ni ya mfano tu, lakini zinazofanana nayo ni nyingi.

Baba ana mikarafuu michache aliyorithi. Mama analima muhogo na kushona kofia. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Wana watoto watatu. Mkubwa ni msichana wa darasa la sita. Wa pili ni mvulana wa darasa la tatu. Mdogo anakwenda chuoni tu. Bibi yao pia anakaa hapo hapo.

Skuli zilipofungwa, mama alinunua daftari moja na kalamu mbili. Akawaambia watoto: "Hili ni daftari la nyumba. Kila siku mtu mmoja ataandika kitu. Baba ataandika, mimi nitaandika, na nyinyi mtaandika."

Mvulana akauliza: "Na bibi je?"

Bibi akacheka. "Mie nitasema, wewe utaandika."

DAFTARI LA KARAFUU

Kazi ya kwanza ya daftari hilo ilikuwa karafuu. Wakati wa mavuno, wachumaji hupanda mikarafuu na kuvunja vishada. Jioni watu hukaa barazani na kuchambua. Karafuu huwekwa upande mmoja na makonyo upande mwingine. Kisha karafuu hupimwa kwa pishi, na mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma.

Watoto wadogo wasipandishwe juu ya mikarafuu. Matawi ya mkarafuu huvunjika upesi, na watu wameanguka na kuumia vibaya. Kazi ya mtoto ni chini, kwenye kuchambua. Na kazi nyingine nzuri ya mtoto ni kuandika.

Katika nyumba yetu ya mfano, msichana wa darasa la sita aliandika hesabu ya mchumaji mmoja hivi:

Jumatatu: pishi 7
Jumanne: pishi 9
Jumatano: pishi 6
Jumla: pishi 22

Siku ya malipo, baba alisema: "Jumanne zilikuwa pishi 8." Mchumaji akasema: "Hapana, bwana, zilikuwa 9." Zamani maneno hayo yangeleta ugomvi. Safari hii mama alileta daftari. Lilionyesha 9. Baba akalipa pishi 22, na mchumaji akaondoka akiwa ameridhika. Kesho yake alirudi kazini mapema.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mvulana wa darasa la tatu naye alipata hesabu yake. Karafuu mbichi zikianikwa hupungua uzito. Kiasi cha kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kilo 1 ya karafuu kavu. Mama akamwuliza: "Tukiwa na kilo 60 mbichi, tutapata kavu ngapi?" Mtoto akahesabu kwa punje za karafuu juu ya jamvi. Akapata 20. Hesabu hiyo hataisahau, kwa sababu ilikuwa ni hesabu ya kwao.

Karafuu kavu hupelekwa katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC. Huko hupimwa kwa kilo na kupangwa kwa madaraja. Mkulima anayejua kusoma huangalia mizani kwa macho yake mwenyewe. Husoma karatasi yake mwenyewe. Akirudi nyumbani, hulinganisha na daftari.

HADITHI ZA BIBI

Baada ya sala ya Isha, watoto walikaa na bibi. Bibi aliwasimulia habari za Mkama Ndume wa Pujini. Pujini iko kiasi cha kilomita 10 kutoka mjini Chake Chake. Mpaka leo kuna magofu ya ngome yake ya zamani. Wataalamu wanasema ngome hiyo ni ya karne ya 15.

Wazee husimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa mtawala mkali. Alikuwa na wake wawili waliooneana wivu. Basi akajenga ukuta kwenye kisima. Mke mmoja alishuka kwa ngazi kuteka maji. Mwingine aliteka kwa ndoo na kamba upande wa pili. Hivyo hawakuonana.

Mvulana aliandika hadithi hiyo kidogo kidogo, kwa siku 4. Kila siku mistari 5. Aliposhindwa, aliuliza: "Bibi, 'wivu' inaandikwaje?"

Bibi akajibu: "Mie herufi zenu sizijui, mjukuu wangu." Kisha akachukua kalamu. Akaandika neno hilo kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Watoto wakashangaa. Walidhani bibi hajui kuandika. Kumbe anajua, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tangu siku hiyo bibi alikuwa mwalimu wa mtoto mdogo wa chuoni. Mkubwa alimfundisha bibi herufi zetu, na bibi alimfundisha kuandika vizuri herufi zake.

Ndugu msomaji, katika kila kijiji wako wazee wenye habari nyingi. Wanajua majina ya pepo, ya samaki na ya miti ya dawa. Wanajua nani alichimba kisima na mwaka gani njaa ilikuja. Mzee akifa, habari hizo huzikwa pamoja naye. Mtoto mwenye kalamu anaweza kuziokoa.

BARUA

Watu wengi wa Pemba wana jamaa zao mbali. Wengine wako Unguja, Tanga na Mombasa. Wengine wako Oman. Siku hizi tunazungumza nao kwa simu. Simu ni nzuri. Lakini maneno ya simu hupita na kusahauliwa. Barua hubaki.

Shaaban Robert, mwandishi wetu mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1909 huko Tanga, alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Aliandika juu ya kazi, afya, ndugu na vitabu vyake. Mdogo wake alizitunza. Barua hizo ni za kuanzia mwaka 1931 mpaka 1958. Mwaka 2002 zilitolewa kitabuni. Kwa kuwa barua zilitunzwa, sisi tunamjua mtu huyo zaidi.

Mama wa nyumba yetu ya mfano alikuwa na kaka yake Maskati. Miaka mingi, akitaka kumwandikia, alikwenda kwa jirani. Yeye alisema na jirani aliandika. Kwa hiyo siri za nyumba zilipita kwanza kwa jirani. Mambo mengine mama aliona haya kuyasema, akayaacha.

Likizo hii aliandika mwenyewe. Ilimchukua jioni 3. Barua ilikuwa hivi:

"Kwa kaka yangu mpenzi. Asalaam alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Mvua za masika zilikuwa nyingi na banda la kuku lilianguka. Mwaka huu mikarafuu ya marehemu baba imezaa. Kaka, lile shauri la kiwanja naomba tulizungumze mimi na wewe tu. Watoto wanakusalimia. Barua hii nimeiandika mimi kwa mkono wangu. Dada yako."

Binti yake aliipiga picha kwa simu, ikafika Maskati siku ile ile. Karatasi yenyewe waliiweka ndani ya daftari. Usiku kaka alipiga simu. Jambo la kwanza aliuliza: "Kweli umeandika wewe?"

KUSOMA NJIANI NA MJINI

Nyumba nyingi hazina vitabu. Lakini maandishi yako kila mahali. Yako kwenye mfuko wa unga, kwenye kopo la dawa, kwenye kadi ya kliniki na kwenye ubao wa duka. Mtoto asome. Mzazi amwulize: "Dawa hii inasema tunywe mara ngapi kwa siku?" Kusoma kwa namna hiyo kunaweza kuokoa roho ya mtu.

Siku moja baba aliwapeleka watoto mjini. Walikwenda ngome kongwe ya Chake Chake. Sehemu kubwa ya ngome hiyo ilibomolewa zamani ili kujengwa hospitali. Sehemu iliyobaki ndiyo makumbusho ya Pemba. Watoto walisoma maandishi ya ukutani. Msichana aliandika mambo 3 tu aliyoyapenda.

Njiani kurudi, baba naye alitoa somo lake. Aliwaambia kwamba mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilisalimika. Tangu wakati huo Pemba imekuwa ikitoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Usiku habari hiyo iliingia katika daftari, na jina la baba likaandikwa chini yake.

MZAZI ASIONE HAYA

Wazazi wengi waliojifunza ukubwani huogopa jambo moja. Wanaogopa kukosea mbele ya watoto. Mama wa mfano wetu aliandika "karafu." Mvulana akasema: "Mama, imepungua u moja." Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Ahsante, mwanangu. Ongeza." Mtoto akaongeza u.

Heshima ya mama haikupungua. Mtoto alijifunza kwamba kukosea si aibu, na kwamba kosa husahihishwa kwa adabu. Mtoto akimcheka mzazi wake, akatazwe. Mzazi akimpiga mtoto kwa sababu ya kosa la herufi, naye akatazwe. Fimbo haifundishi kusoma. Hufundisha kuogopa kitabu.

Jambo jingine ni kazi za nyumbani. Mara nyingi wakati wa likizo msichana huteka maji, hupika, hufagia na kulea wadogo zake. Kaka yake hucheza mpira mpaka magharibi. Usiku msichana amechoka na hawezi kusoma. Hiyo si haki. Katika nyumba yetu ya mfano, mama aliandika zamu za kazi katika daftari. Mvulana akateka maji asubuhi na kuosha vyombo mara mbili kwa wiki. Mwanzoni alinuna. Baadaye alizoea. Dada yake akapata saa yake ya kusoma.

MPANGO MWEPESI WA LIKIZO

Wazazi, likizo isigeuzwe kuwa skuli nyingine. Watoto wacheze, walale na waende kwa jamaa zao. Saa 1 kwa siku inatosha. Fuateni mpango huu:

1. Nunueni daftari moja la nyumba. Litunzwe mahali pakavu.
2. Chagueni wakati mmoja, asubuhi kabla ya jua kali au jioni baada ya chakula.
3. Dakika 20 mtoto asome kwa sauti. Kitabu cha skuli, gazeti au kitabu cha maktaba, vyote vinafaa. Chake Chake kuna maktaba.
4. Dakika 20 aandike jambo la kweli: hesabu, barua au hadithi ya mzee.
5. Dakika 20 mzungumze juu ya yaliyosomwa. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kuuliza maswali.
6. Mzazi naye aandike, japo mstari mmoja. Mtoto hufuata anachokiona.
7. Siku ya mwisho ya likizo, someni daftari lote pamoja, toka mwanzo mpaka mwisho.

Nyumba yetu ya mfano ilifanya hivyo. Katika daftari kulikuwa na hesabu za pishi, hadithi ya kisima cha Pujini, nakala ya barua, zamu za kazi na jina la bibi kwa herufi za namna mbili. Skuli zilipofunguliwa, mvulana alisoma mbele ya darasa bila ya kubabaika. Mama naye sasa haendi tena kwa jirani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Someni makala hii pamoja nyumbani au katika darasa lenu la watu wazima. Kisha zungumzeni:

1. Kwa nini mtu aliyejua kusoma anaweza kusahau?
2. Daftari lilizuia ugomvi gani katika nyumba ya mfano? Je, katika nyumba yako kuna mambo gani yanayofaa kuandikwa?
3. Bibi alikuwa anajua nini ambacho watoto hawakukijua? Ni mzee gani katika kijiji chenu anafaa kuulizwa habari za zamani?
4. Je, wasichana na wavulana wa kijiji chenu wanapata wakati sawa wa kusoma wakati wa likizo? Kama sivyo, mtafanya nini?
5. Nani yuko mbali nawe, na hujamwandikia barua kwa mkono wako? Anza kumwandikia leo.